Msongamano Si Mila

Mwezi Juni mwaka huu nilikaa kwa saa tatu katika ukumbi wa ofisi moja ya umma mjini Mbinga, mimi, dada yangu na mwanawe mwenye umri wa miaka tisa. Tulifuata barua moja: barua ya kumhamisha mtoto kutoka shule ya kijijini kwenda shule ya msingi yenye kitengo cha elimu maalumu. Tulikuwa tumepanda milima kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa tangu alfajiri. Tungependa kumwacha mtoto kwa bibi yake, lakini tuliambiwa kwamba lazima aonekane kwa macho, nasi tukampeleka aonekane.

Akaonekana. Ukumbini mlikuwa na watu wapatao themanini na dirisha moja lililofunguliwa. Hapakuwa na namba, kwa hiyo aliyetaka kuhudumiwa alipaswa kujibana karibu na dirisha na kulilinda bega lake lisipitwe na bega la mwenzake. Umeme ulikuwa umekatika. Jenereta ilinguruma nyuma ya ukuta na kuingiza moshi ndani, na kazi yake kubwa niliyoiona ilikuwa kuwasha televisheni iliyopazwa sauti hadi mwisho, ambayo hakuna aliyeitazama. Mpwa wangu alianza kwa kuziba masikio. Kisha akaanza kuguna kwa sauti moja ndefu, ile anayoitumia kufunika sauti nyingine. Kisha akajiuma mkono. Mwishowe akalala juu ya saruji akapiga yowe. Kijana mmoja alicheka. Mama mmoja alianza kukemea pepo. Karani aliinua kichwa, akamwambia dada yangu ampeleke mtoto akaombewe kwanza, akitulia ndipo warudi.

Na mimi je? Mimi ni mtu wa shahada ya uzamivu, ninalipwa mshahara kwa kusema mbele ya watu. Siku ile sikuweza kutamka neno. Taa zilikuwa zinanichoma macho, harufu ya dizeli ilikuwa imenijaa kinywani, na ulimi ulikuwa mzito kama si wangu. Nilikuwa nikihesabu misumari ya dari. Dada yangu ndiye aliyembeba mwanawe na kunishika mkono na mimi, akatutoa nje sote wawili. Tuliondoka bila barua.

Mimi na mpwa wangu tuna hali moja. Inaitwa usonji. Nimekaa miaka mingi bila kuiandika hadharani, kwa sababu katika nchi yetu msomi akikiri udhaifu hupewa pole usoni na kupunguziwa heshima kisogoni. Lakini mtoto wa miaka tisa hana uwezo wa kuandika makala, na karani aliyemfukuza atafukuza wengine. Ninaandika, basi, kudai jambo moja: msongamano na kelele katika huduma zetu za umma ni matokeo ya uamuzi wa kiutawala. Tunaouita mila ni uzembe, na uzembe huo unawanyima haki raia wa nchi hii.

Niieleze kwanza hali yenyewe, maana wengi hudhani usonji ni ububu, au ukaidi, au kipaji cha ajabu cha hesabu. Ubongo wa watu wengi una bawabu. Jenereta ikinguruma kwa dakika tano, bawabu husema: hii tumekwisha kuisikia, iacheni nje. Mtu akaendelea na mazungumzo yake. Bawabu wangu hasemi hivyo. Kwangu mimi dakika ya mia moja ya jenereta ina uzito uleule wa dakika ya kwanza, na juu yake huongezeka televisheni, kilio cha mtoto mchanga, mlio wa simu, bega la jirani, harufu ya jasho na mwanga wa taa. Vyote huingia kwa wakati mmoja na kwa nguvu moja. Hufika mahali ambapo hakuna nafasi iliyobaki kichwani kwa jambo lolote, hata kwa jina langu mwenyewe. Mtoto akifika hapo hupiga yowe au hukimbia. Mtu mzima aliyefunzwa adabu hunyamaza akagandama. Yowe na ukimya huo ni kitu kimoja.

Sayansi imelijua jambo hili kwa muda mrefu na imechelewa kulipa uzito. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa akili za watoto huko Baltimore, Marekani, alipochapisha maelezo ya watoto 11 yaliyoipa hali hii jina lake la kitabibu, aliandika pia hofu yao mbele ya vyombo vya kelele, hata mashine ya kufyonza vumbi na chombo cha kupigia mayai. Lakini ni toleo la mwaka 2013 la mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani lililouweka waziwazi usikivu huu wa kupita kiasi miongoni mwa vigezo vya utambuzi. Kati ya hapo ni miaka 70. Kwa miaka hiyo yote watoto walichapwa kwa kuziba masikio.

Nilikuwa mmoja wao. Nililelewa katika kijiji cha mwambao, kusini ya Liuli. Kengele ya shule yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe na kugongwa kwa nondo. Kila pigo nililisikia kwenye meno. Asubuhi ilianza kwa mchakamchaka, filimbi na ngoma ya gwaride, na mimi nilijificha nyuma ya choo hadi viishe. Mwalimu aliita tabia hiyo utoro na dharau, akaitibu kwa fimbo. Sikumchukia. Hakuwa na neno jingine la kuiita.

Aliyekuwa na neno alikuwa mjomba wangu, mvuvi asiyejua kusoma. Wale mnaoijua Nyasa mnajua jinsi usipa wanavyovuliwa: usiku usio na mbalamwezi, taa juu ya maji, mitumbwi ikisubiri kimya mpaka samaki wakusanyike chini ya mwanga. Mjomba alianza kunichukua. Nilikaa kwenye mtumbwi saa nyingi bila kusemeshwa, na nikirudi nchi kavu niliweza kuvumilia siku nzima ya watu. Mama alipomuuliza kwa nini anamkosesha mtoto usingizi, alijibu, "Huyu anasikia mno, mpeni pa kupumzikia." Miongo mitatu baadaye nilikaa mbele ya daktari bingwa ughaibuni, nikafanyiwa vipimo kwa siku mbili, nikapewa ripoti ya kurasa nyingi. Ilisema maneno ya mjomba.

Msidhani ninaipamba zamani. Katika kijiji kilekile kulikuwa na mtoto aliyefungiwa jikoni kila wageni walipofika. Watu walisema mama yake alivunja mwiko akiwa mjamzito. Sikuwahi kumsikia mtoto yule akiitwa kwa jina lake. Mimi nilipata mjomba, yeye hakupata, na tofauti kati ya maisha yangu na yake ilikuwa bahati. Dola huundwa, pamoja na mambo mengine, ili maisha ya mtoto yasitegemee bahati ya kuwa na mjomba mwema.

Sasa nizijibu hoja ninazozisikia kila ninapolizungumza jambo hili faraghani.

Hoja ya kwanza ni kwamba usonji ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alichapisha matokeo ya ziara yake katika miji mikubwa 9 ya nchi 6 za Afrika. Alikuwa akiwatafuta watoto wenye usonji, na aliwapata. Mwaka 2006 ulichapishwa uchunguzi wa watoto wa hapa kwetu Tanzania. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia Mkoa wa Ruvuma watu zaidi ya milioni 1.8. Piga hesabu kwa kadirio hilo la dunia: utapata watu zaidi ya 14,000 katika mkoa huu mmoja. Wako wapi? Wengine wako jikoni. Wengine wameitwa wakaidi, mateja, waliorogwa, wanawali wasioolewa kwa kiburi, wazee wa kujitenga. Wengine ni watumishi wa umma wanaosoma makala haya na kujiuliza kwa nini kila Ijumaa hurudi nyumbani wakiwa wamechoka kama waliopasua mawe. Wachache sana wanajua jina la hali yao.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, maana husemwa na wasomi wenzangu. "Daktari," huniambia, "sisi ni watu wa watu. Kelele, umati na kusukumana ni uhai wetu. Unataka kutuletea ukimya wa Ulaya." Naomba ndugu zangu hawa waje nami Nyasa waitazame ngoma ya mganda. Wanaume hujipanga safu, ngoma hutoa mdundo, hatua huenda kwa mpangilio uliofanyiwa mazoezi. Ni ngoma yenye kishindo. Nilipokuwa mtoto niliipenda, mimi niliyekimbia kengele. Nilijua itaanza lini, niliujua mdundo unaofuata kabla haujapigwa, na zaidi ya yote nilikaa umbali nilioutaka. Aliyetaka kuwa katikati ya vumbi alikuwa katikati ya vumbi. Aliyetaka kutazama kutoka juu ya jabali alitazama kutoka juu ya jabali. Wote wawili walihesabiwa kuwa wamehudhuria.

Hilo ndilo ninaloliita umbali, na ndilo tulilopokonywa. Utamaduni wetu ulijaa watu, lakini ulimwachia kila mtu umbali wake: uani, shambani, ufukweni, chini ya mti. Spika imeua umbali. Sherehe moja mjini Mbinga leo husikika mitaa mitatu, na asiyealikwa huhudhuria kwa lazima akiwa kitandani mwake. Basi la kwenda Mbamba Bay humpigia muziki abiria aliyelipa nauli ili afike, hakulipa ili achezeshwe. Na dirisha lisilo na namba huua umbali kwa namna nyingine, kwa sababu hukuambia kwamba ukisogea hatua tatu kutoka kwa wenzako umepoteza haki yako. Ni babu yupi aliyetuachia mila hiyo? Mnitajie ukoo wake.

Tena tumezungukwa na ushahidi kwamba watu wa nchi hii wanajua kupanga. Wamatengo wanalima milima hii kwa ngoro: mashimo yaliyopangana kama sega la nyuki juu ya miteremko mikali, kila shimo likipokea sehemu yake ya mvua, ili maji yasiporomoke yote kwa wakati mmoja na kuubeba udongo. Wazee wale hawakuilaumu mvua kwa kuwa nyingi. Waliigawa. Umati wa asubuhi mbele ya ofisi ni mvua kubwa juu ya mteremko, na namba za foleni, miadi ya saa na dirisha la pili ni ngoro. Kizazi kilichosoma hadi chuo kikuu kimeshindwa kufanya kwa watu kile ambacho wazee wake walifanya kwa maji.

Hoja ya tatu husema kwamba haya ni mahitaji ya anasa, sheria haiyajui. Sheria inayajua. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 2 ya mkataba huo inasema kwamba kukataa kufanya marekebisho yanayofaa, yasiyo mzigo usiobebeka, ni ubaguzi. Ibara ya 9 inadai huduma za umma zifikike. Mwaka uliofuata Bunge letu lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, ambayo pamoja na mengine inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinaweka viwango vya juu vya kelele, mchana na usiku. Hatuna upungufu wa karatasi.

Tuna upungufu wa fikra. Neno "kufikika" limetafsiriwa kwa saruji peke yake. Jengo jipya la umma leo hujengewa njia ya mteremko kwa ajili ya kiti cha magurudumu, na hilo ni jambo jema lililopiganiwa na watu wenye ulemavu kwa miaka mingi. Lakini mtu akishapanda njia hiyo, ndani anakutana na nini? Mpwa wangu ana miguu miwili mizima. Alipanda ngazi za ofisi ile mbio. Kizuizi chake kilikuwa sauti, na hakuna mkaguzi wa majengo aliyewahi kutumwa kuisikiliza.

Kila tarehe 2 Aprili dunia huadhimisha siku ya uelewa kuhusu usonji, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007. Nimehudhuria maadhimisho ya aina hiyo. Palikuwa na bendi ya matarumbeta, spika nne zenye urefu wa mtu, mshereheshaji mwenye sauti ya radi na hotuba tano. Watoto ambao siku ilikuwa yao waliketishwa safu ya mbele, chini ya spika, wakiwa wamevalishwa fulana mpya. Mmoja baada ya mwingine walitolewa nje wakilia, hadi mgeni rasmi alipokuwa akisoma ahadi za Serikali kwa watoto wenye usonji, mbele yake hapakuwa na mtoto mwenye usonji hata mmoja. Alipigiwa makofi. Sikuona mtu aliyeshangaa. Ndipo nilipoelewa kwamba tunaweza kuwa na siku, sera, kamati na fulana, na bado tukawa hatujaanza.

Hoja ya nne ni umaskini. "Nchi yetu ni maskini, tutafika huko polepole." Hapa tuwe wakweli na tutenganishe mambo mawili.

Yako yanayohitaji fedha. Tangu ada zilipoondolewa mwaka 2016 watoto wengi mno wameingia shuleni, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini kiwango chetu wenyewe ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, na kila mwalimu wa Nyasa anayesoma hapa anajua idadi iliyo mbele yake asubuhi. Darasa lililojaa chini ya bati, mvua ikinyesha, ni mahali ambapo hata mtoto asiye na usonji hasikii somo. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 umeandikwa vizuri, lakini mkakati haujengi ukuta. Madarasa, walimu na vitengo ni suala la bajeti, na bajeti ni suala la siasa. Lipelekwe huko, kwa madiwani na wabunge, kwa jina lake.

Na yako yasiyogharimu chochote. Kukata maboksi vipande na kuviandika namba kuanzia 1 hadi 100 kunahitaji mkasi na kalamu. Kuzima televisheni kunapunguza gharama ya dizeli. Kumruhusu mtu kusubiri chini ya mti na kumwita zamu yake ikifika kunahitaji mdomo. Chama cha ushirika kinacholipa wakulima wa kahawa kinaweza kuita kijiji hiki Jumatatu na kile Jumanne, badala ya kuviita vyote siku moja na kisha kuwalaumu wakulima kwa kusukumana. Meli ya ziwani inaweza kuwapandisha kwanza wazee, wagonjwa na wenye mahitaji ya namna hii, dakika 15 kabla ya umati. Mwalimu mkuu anaweza kuihamisha rimu kutoka mwembe ulio dirishani hadi mwembe wa mbali. Ofisi inaweza kutenga saa moja kwa wiki, ya mapema, iwe saa ya utulivu. Uingereza kampuni ya maduka ya Morrisons ilianza kufanya hivyo mwaka 2018, Jumamosi asubuhi: muziki ukazimwa, taa zikapunguzwa, matangazo yakakoma. Uwanja wa ndege wa Gatwick mwaka 2016 ulianzisha utepe wa shingoni wenye maua ya alizeti, ili mtumishi amtambue mtu mwenye ulemavu usioonekana bila kumhoji. Sisi tunalima alizeti. Tumeshindwa kitambaa?

Kila moja ya hatua hizi humfaa pia mama mwenye kichanga, mzee mwenye shinikizo la damu, mgonjwa wa kipandauso, na karani mwenyewe ambaye hupigiwa kelele siku nzima na hatimaye akageuka mkali. Sikumchukia mwalimu wangu, na karani yule pia simchukii. Naye yumo ndani ya ukumbi ule kwa saa nane kila siku. Pengine ukali wake ndio kujiuma kwake mkono.

Hoja ya mwisho hunihusu mwenyewe. "Lakini wewe unafundisha wanafunzi mia nne ukumbi mmoja. Usonji gani huo?" Ni swali la haki, na nina jibu. Ukumbini kwangu ni sauti moja inayosema, nayo ni yangu. Ninajua itaanza saa ngapi na itakwisha saa ngapi. Ninafika nusu saa kabla, ninazima taa inayomemetuka, ninasimama upande ambao mlango uko karibu. Baada ya kipindi ninafunga ofisi na kukaa gizani kwa dakika 40, na wanafunzi wengi wamedhani ninawakwepa. Mniwie radhi, wanangu. Nasafiri kwa basi la kwanza la alfajiri. Nina pamba mfukoni kila siku. Sokoni naenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wauzaji wakiwa bado wanapanga nyanya. Kwa miaka 20 niliyafanya haya kwa siri na kuyaita tabia zangu. Gharama ya kuficha ilikuwa kubwa kuliko gharama ya hali yenyewe, na vijana mnaojitambua katika aya hii, nawasihi msiilipe kwa muda mrefu kama nilivyoilipa mimi.

Nitoe mfano mmoja wa gharama hiyo. Tulipomzika baba, umati ulikuwa mkubwa, maana alikuwa mtu wa watu. Vilio, kwaya, spika, matangazo ya rambirambi. Kaburi lilipoanza kufukiwa sikuweza tena, nikatoka nikatembea hadi ziwani, nikaketi kwenye mchanga hadi jua likazama. Mwana wa kiume wa marehemu hakuonekana kaburini. Wazee waliniita jioni. Sikuwa na neno la kuwapa, nikakubali kosa, nikalipa faini niliyotozwa. Nilipopata jina la hali yangu miaka kadhaa baadaye, nilirudi kijijini nikawaeleza. Baba mdogo alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza: "Sasa tukufanyie nini?" Tulikubaliana. Tangu siku hiyo, msiba ukitokea, mimi huenda mapema pamoja na vijana wachimbaji na kulichimba kaburi asubuhi kukiwa kimya. Ibada ikianza ninakaa nyuma, karibu na migomba, nikiondoka hakuna anayeuliza. Siku ya tatu ninarudi kukaa na wafiwa wakati wengine wameondoka. Ukoo haukuvunjika. Mila haikufa. Mzee mmoja wa kijijini aliuliza swali ambalo ofisi zetu hazijawahi kuuliza.

Nimalizie na barua. Kesho yake dada yangu alirudi mjini peke yake, akafika saa moja na nusu, kabla ya umati. Alimkuta karani mwingine, binti mdogo, akifagia kibaraza. Alimweleza. Binti yule alitoka nje, akamsikiliza chini ya mti, akaingia ndani, akarudi na barua yenye mhuri. Ilichukua dakika kumi. Hakuhitaji kumwona mtoto. Kumbe lile sharti halikuwamo katika mwongozo wowote. Hakutumia shilingi ya Serikali zaidi ya wino.

Dada yangu anamwombea binti yule kila jioni. Mimi nina shukrani na nina hasira. Haki ya mtoto haipaswi kutegemea ni karani yupi ameamka mapema. Kilichofanyika chini ya mti ule kinaweza kuandikwa katika waraka wa nusu ukurasa na kusainiwa na mkurugenzi yeyote wa halmashauri yoyote, bila kusubiri bajeti, bila kusubiri wafadhili, bila kusubiri tarehe 2 Aprili. Namba mlangoni. Televisheni izimwe. Asiyeweza kukaa ndani aitwe kutoka nje. Mtoto asilazimishwe kuja pale ambapo mzazi anatosha.

Watumishi wa umma mnaonisoma, wengi wenu mmepita darasani kwangu. Kesho asubuhi, kabla ya kufungua dirisha, simameni dakika moja katika kumbi zenu mkiwa mmefumba macho, msikilize. Kisha tafuteni mkasi na boksi.